Kunguru Hakuja

Tulimwacha Achyut Samant amekaa gizani ndani ya Sinema Prabhakar, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, amekuja kwa kujificha kutazama jinsi walivyoiharibu filamu yake. Tukamwacha pale pale kurunzi ya mwonyesha viti ilipomulika ngazi, na katika mwanga ule akaona sari nyeupe anayoijua tangu utotoni.

Alikuwa mama yake.

Na aliyemshika mkono, akimshusha ngazi moja baada ya nyingine kwa adabu zote, alikuwa Haresh Bhambhani, mwenye filamu.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nisikilize upesi, maana taa zimeshazimwa. Miaka kumi na minne iliyopita Achyut alitengeneza picha ya kutisha, Maji Hayatulii, na kwa msimu mzima watu wa Bombay hawakwenda msalani peke yao. Mzuka wa picha ile, yule msichana wa kisimani, Achyut hakuutunga. Alikuwa dada yake, Kunda, aliyekufa maji katika kisima cha kijijini kwao akiwa na miaka kumi na tisa.

Sasa mwenye kampuni iliyoitoa amekufa, jina la filamu likaangukia mikononi mwa Bhambhani, ambaye enzi zile kazi yake ilikuwa kumshikia Achyut kibao cha kugonga kabla kamera haijaanza. Bhambhani kaitoa sehemu ya pili. Kaipiga upesi upesi, kwa moshi wa ubani na mzuka wa mpira. Miezi yote hii Achyut alikuwa akiyakata matangazo yake gazetini kabla mama hajaamka, na majirani kawaomba wafunge midomo. Kumbe kazi bure.

Akaruka miguu ya watu, akawafikia.

"Mama. Unafanya nini hapa?"

"Ah, Achyut. Na wewe umo?" Mama Anusuya hakushtuka hata kidogo. "Mimi nimealikwa. Huyu kijana kanifuata na gari mpaka mlangoni, na maua juu. Wewe umeshindwa hata kuniambia kwamba picha ya Kunda ina mwenzake."

"Mama mkubwa ndiye mgeni wetu wa heshima," alisema Bhambhani, meno yote nje. "Wapi tena nitampata mama mzazi wa mzuka mwenyewe? Waandishi wa magazeti wako nje na kamera zao, wanamsubiri mapumziko."

"Mama, inuka twende nyumbani. Hii ni takataka."

"Mzee, kaa chini," ilisema sauti ya mwanamume nyuma yao. "Wewe si kioo tukuone mpaka upande wa pili."

"Kaa, Achyut," alisema mama. "Usinitie aibu mbele za watu."

Akakaa. Angefanyaje?

Nikwambie alichokuwa akikiogopa. Kwao, mtu akifa, siku ya kumi jamaa zake wa kiume humwekea tonge la wali kando ya mto, kisha wote hukaa wakamsubiri kunguru. Kunguru akishuka akaligusa, marehemu ameridhika, amekwenda zake. Asiposhuka, kuna kitu bado anakitaka, na jamaa hubaki pale wakimwahidi hiki na kile mpaka kunguru akubali. Kunda alipokufa, waliahidi mpaka wakaishiwa maneno. Kunguru hakuja. Baba yao alikwenda kaburini, kama wangekuwa watu wa kuzika badala ya kuchoma maiti, na jambo hilo kifuani. Mama Anusuya akawa analala na taa inawaka dirishani, mwaka baada ya mwaka. Mzuka hakuuogopa. Alitaka tu binti yake akipita aione nyumba.

Basi Achyut alipomwomba ruhusa ya kukigeuza kisa cha Kunda kuwa filamu, mama alimpa sharti moja. "Mwisho wa picha umpumzishe. Na umpumzishe kweli, sitaki maigizo." Achyut akaapa. Akamchukua kuhani wa kweli mpaka Nashik, kwenye mto Godavari. Jina la Kunda likatajwa, na la ukoo wake. Tonge likawekwa, kamera ikawashwa. Na filamu ilipotoka, mama akiwa amekaa kitini amemshika mwanawe mkono, akamwona kunguru, kwenye kioo kile kikubwa cha sinema, anashuka na kuligusa tonge.

"Alikuja?" aliuliza.

"Alikuja, Mama."

Siku hiyo Mama Anusuya alipika kwa majirani wote, akaitundika picha ya Kunda pamoja na picha za wazee wa ukoo, na jua lilipozama akaizima ile taa ya dirishani.

Sasa msomaji, mimi na wewe hatufichani. Hakuja.

Pale Nashik kunguru walikaa juu ya mti kutwa nzima wakiwatazama, wala hawakushuka. Mwanga ukaanza kwisha, wapiga picha wakaanza kunung'unika. Ndipo yule mshika kibao, Bhambhani, alipomnong'oneza, "Bosi, mbona jambo dogo hili." Baadaye, wawili peke yao juu ya paa la jengo moja huko Mahim, mtaa wa Bombay, wakafinyanga tonge jingine, na Bhambhani akaficha samaki mkavu ndani yake. Kunguru wa Mahim walishuka kwa vurugu. Wakamchagua mmoja mwenye sura ya heshima, wakambandika kwenye filamu, kazi ikaisha.

Samaki mkavu ndani ya tonge la marehemu. Hata kulisema mdomo unaona haya.

Watu wawili tu waliijua siri ya samaki huyo. Mmoja alikuwa Achyut. Wa pili, wakati huu, alikuwa amekaa ubavuni mwa mama yake akimmenyea njugu.

Picha ikaanza.

Kisima kilikuwa cha mbao, kikatikisika mzuka ulipokishika ukingo. Uso ulikuwa wa mpira, umevimba, meno yanatazama kila upande, na ulipogeuka kumfukuza bibi harusi, zipu ya mgongoni ikaonekana wazi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Achyut," alinong'ona mama. "Huyu ndiye Kunda?"

"Siye, Mama."

"Mbona ana mkia?"

"Sijui, Mama."

"Yule msichana wa picha yako ya kwanza alikuwa anatembea kama Kunda hasa. Nililia siku nzima. Huyu anatembea kama mtu anayetafuta choo."

Yule mwanamume wa nyuma alilisikia hilo, akalirudia kwa wenzake, na safu nzima ikacheka. Na Achyut naye, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akapumua. Hii picha ilikuwa mbovu kiasi kwamba hakuna mwenye akili angeamini lolote lililosemwa humo. Ubovu wake ndio ungemwokoa. Alijikuta akiuombea uzidi, na Bhambhani hakumwangusha. Radi ilikuwa taa ya kuwasha na kuzima. Bundi alikuwa kuku. Mtoto aliyeuawa alijikuna puani.

Kisha, mzuka ulipokuwa umemfunga bibi harusi kwenye mti, akatokea kuhani mwenye ndevu zinazobanduka shavuni, akawakodolea watazamaji macho.

"Mlidhani amepumzika?" alisema. "Mwulizeni kunguru."

Na juu ya kioo yakaanguka maandishi mekundu, makubwa kama milango. KWA NINI KUNGURU HAKUJA? Chini yake, MAPUMZIKO.

Taa zikawaka. Mama Anusuya hakuinuka. Alikuwa bado anakitazama kioo kitupu.

"Mbona wameandika hakuja?"

"Uongo wa sinema, Mama. Mzuka ulishapumzika, lazima wazue kitu ndipo urudi."

"Lakini alikuja."

"Alikuja."

"Hm." Akajitengenezea sari begani. "Basi nitakaa nisikie wanajibu nini."

Achyut alimpata Bhambhani chini ya ngazi za chumba cha mashine ya kuonyeshea picha, akamsukuma ukutani.

"Haresh, umefanya nini?"

"Nimefanya sehemu ya pili, ndugu yangu. Wewe uliumaliza mzuka vizuri mno, hukuacha hata mlango wa kurudia. Waandishi wangu wa hadithi wameumiza vichwa mpaka basi. Halafu nikamkumbuka samaki wetu."

"Yule ni mama yangu pale ndani."

"Najua ni mama yako, ndiyo maana nimempelekea gari. Gazeti gani litaacha kumwandika?"

"Kitoe kipande hicho. Onyesho hili tu. Kesho na kesho kutwa onyesha utakavyo, hatarudi tena hapa."

Bhambhani akajikuna kidevu. "Kimo kwenye mkanda wa kwanza baada ya mapumziko. Nauruka mkanda mzima?"

"Uruke."

"Na mimi napata nini?"

"Sema unachotaka."

"Unakijua." Sasa hakuwa akitabasamu. "Nilikuja nyumbani kwako nikakuomba kwa heshima. Jina lako kwenye bango, basi. Ukanimwagia chai mbele ya mtumishi. Leo nakitaka kile kile. Toka nje pale kwa waandishi, vaa koja la maua, vunja nazi ya kuizindua picha, uwaambie picha hii ni yako na yangu, na kila kilichomo ni kisa cha kweli cha nyumbani kwenu. Ukishasema, mtu wa mashine atauruka mkanda."

Achyut akamwachia. Tangu Maji Hayatulii hakupata tena filamu ya maana. Marafiki walihama, simu ikanyamaza, nywele zikamwisha. Kitu kimoja kilimbakia, kwamba watu wakilisikia jina lake walikuwa bado wanainua nyusi. Mpaka dakika ile alikuwa amelitunza jina hilo, hakulitia kwenye upuuzi wa mtu yeyote.

"Liko wapi hilo koja?" alisema.

Ukumbi wa nje ulikuwa umejaa watu, chai na moshi wa kachori. Mama Anusuya alikuwa amewekewa kiti karibu na meza ya chai, kachori mkononi, anatafuna polepole kwa upande wa meno yaliyobaki. Achyut alipita mbele yake na maua shingoni bila kumtazama. Akapewa nazi. Ikapasuka kwa pigo la kwanza, watu wakapiga makofi.

Mwandishi mmoja wa kike, mwenye miwani, alisogea. "Bwana Samant, si ulituambia huhusiki na picha hii hata kwa ukucha?"

"Nilikuwa na hasira. Picha hii ni yangu na ya Bwana Bhambhani."

"Umeipenda?"

"Nimeipenda."

"Na haya yaliyomo? Maana kuna wanaosema mmeyazua."

Bhambhani akakohoa.

"Kila kilichomo humu ni kweli," alisema Achyut kwa sauti ya watu kusikia. "Ni kisa cha nyumbani kwetu."

Kamera zikamulika. Alitabasamu kama walivyomwambia atabasamu. Hakutazama upande wa meza ya chai. Angetazama, angeona kwamba mama ameacha kutafuna.

Wakarudi ndani. Achyut akakaa, koja bado shingoni, jasho linamtoka, lakini moyo umetulia. Alikuwa ameuza alichokuwa nacho na amepata alichokitaka. Mambo yamekwisha.

Ngoja kwanza.

Kabla ya mapumziko, bibi harusi alikuwa amefungwa kamba kwenye mti, mzuka unamnyemelea. Picha iliporudi, bibi harusi huyo huyo alikuwa sebuleni, nywele zimechanwa, anamtilia mama mkwe chai.

Kisha mtu mmoja wa mbele, pale kwenye viti vya bei ya chini, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Jamani, wimbo uko wapi?"

Yote yaliyofuata yalitoka kwenye swali hilo. Maana mabango ya filamu hii, kote Bombay, hayakuwa na mzuka. Yalikuwa na mwigizaji Rupashri amelowa mvua kichwa hadi miguu, sari imemganda. Wale vijana wa mbele hawakujali nani kafa kisimani. Walikuja kuona wimbo wa mvua, na kila mmoja wao alijua kwamba wimbo wa namna hiyo huja mara tu baada ya mapumziko, watu wakiwa wamekula na kukaa sawa.

"Wimbo!" walianza. "Wimbo! Wimbo!"

Kiti cha kwanza kikang'oka. Meneja, mtu mnene mwenye leso shingoni, akapita mbio kuelekea juu. Na hapo ndipo Achyut alipoelewa. Wimbo na kunguru vimo katika mkanda mmoja.

Akageuka. Bhambhani alikuwa anamenya njugu.

"Ulijua."

"Ahadi nimetimiza, ndugu yangu. Si umeona umerukwa? Sasa wananchi wanaudai wimbo wao, mimi ni nani?"

Achyut akapanda ngazi mbili mbili, akaupiga mlango wa chumba cha mashine kwa ngumi. "Usiuweke! Nakuomba, baba, usiuweke."

"Mzee, niache," ilijibu sauti ya ndani, na vyuma vikisikika vikifunguliwa. "Wanachana viti huko chini. Wakiitia moto sinema utakuja kuniokoa wewe?"

Akateremka. "Mama, inuka. Watu wanavunja viti, utaumia."

"Wameshatulia," alisema mama. Na kweli walikuwa wametulia, maana Rupashri alikuwa ametokea kiooni, na mvua ya mpira wa bustani inamwagika. Miluzi ilipasua masikio, sarafu zikarushwa kwenye kioo.

"Mama, nakuomba."

"Nimekwambia nataka kusikia wanajibu nini. Nikishasikia tutakwenda."

Achyut alikaa akausikiliza wimbo wote. Hajawahi kuombea wimbo mbaya usiishe kama siku ile. Ukaisha.

Kuhani akarudi na ndevu zake. Kando ya mto wa kuchorwa, tonge likawekwa. Na juu ya tonge, kwa uzi ambao hata aliyekaa nyuma kabisa aliuona, akateremshwa kunguru aliyekaushwa, jicho moja limedondoka, akizunguka zunguka hewani. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Kunguru yule hakuja mtoni," alisema kuhani katikati ya vicheko. "Walimpiga picha juu ya paa, huko mjini. Ndani ya tonge walificha samaki mkavu. Walimdanganya marehemu, wakamdanganya na mama yake."

"Mpanguseni vumbi huyo kunguru," alisema yule mwanamume wa nyuma, na watu wakacheka upya.

Mama Anusuya hakucheka.

"Achyut."

"Uongo, Mama. Si unaona mwenyewe wanavyochekwa?"

"Mtu anayezua angesema uchawi. Angesema damu. Samaki mkavu, juu ya paa? Nani anazua kitu kama hicho?"

"Ni sinema, Mama. Wanasema chochote."

"Wewe umevunja nazi hapo nje, ukasema kila kilichomo ni kweli. Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Nilisema kwa ajili yako! Nilisema ili wakitoe hiki kipande usikione."

Likawa limeshatoka. Alitaka kulirudisha, lakini neno halina mkia wa kulivutia. Mama alimgeukia taratibu, na katika mwanga ule wa kioo uso wake ulikuwa umekonda ghafla.

"Kama ni uongo," alisema, "ulikuwa unakitoa cha nini?"

Achyut akataka kumshika mkono.

"Nilikuuliza, alikuja? Ukanijibu, alikuja, Mama. Ulikuwa umenishika mkono."

"Nilitaka ulale, Mama. Ulikuwa hulali."

"Nimelala," alisema mama. "Miaka kumi na minne nimelala vizuri kabisa. Nilimzimia taa mwanangu, Achyut. Nilimzimia taa nikafunga na dirisha, naye bado yuko nje."

Hakulia. Afadhali angelia. Achyut alitaka kufa pale pale kitini, na mimi sitamtetea, maana katika vyote vilivyoigizwa katika sehemu ya kwanza na ya pili, hakuna kitu kibaya kuliko jibu lile moja alilompa mama yake miaka ile, akajisifu moyoni kwamba amemtendea wema.

Mama aliinuka. Achyut akampa mkono, akausukuma kando, akapanda ngazi peke yake akishika viti. Bhambhani alimfuata mbio mpaka ukumbi wa nje.

"Mama mkubwa, umechoka? Nikuitie soda?"

"Gari lako lipo?"

"Lipo mlangoni."

"Nipeleke kijijini kwetu, Sonarwadi. Kisimani."

Bhambhani alisita kidogo tu. Kisha macho yakamng'aa, na Achyut, aliyemjua tangu akiwa mshika kibao, akaona wazi wazo linavyoingia kichwani mwake na kukaa.

"Mama, Sonarwadi ni mbali," Achyut aliingilia. "Mpaka muipande milima ya Kasara jua litakuwa linazama. Na ule ukuta wa kisima ulishaanguka, watu walihama upande ule, kuna utelezi mtupu. Hakuna hata pa kushika."

"Nitamwuliza mwenyewe anataka nini. Nyinyi wanaume mmekwenda mtoni mara mbili, mmemwahidi sari, mmemwahidi bangili, mmerudi. Hakuna aliyemwomba mama yake aje azungumze naye."

"Basi nakupeleka mimi. Kesho asubuhi. Nakuapia."

"Umeshaapa sana," alisema mama, akatoka.

Bhambhani alikuwa ameshafungua mlango wa mbele wa gari, ameinama kama bwana harusi. Nyuma ya mgongo wa mama akamwashiria mpiga picha apande kiti cha nyuma. "Chukua mikanda yote uliyonayo," alimnong'oneza. "Mama na binti, kisimani. Hiyo ni sehemu ya tatu, mwanangu, tena bila kulipa mwigizaji."

Achyut alisikia kila neno. Akamrukia, akamkosa, akashika kitasa cha gari. "Mama, shuka. Huyu anataka picha tu. Atakusogeza mpaka ukingoni ili apate picha."

Mama alikuwa ameshakaa kitini, anatazama mbele.

Wakati huo huo milango ya sinema ikafunguka kwa kishindo. Wimbo ulikuwa umekwisha, na wale vijana wa mbele hawakuwa na sababu tena ya kukaa. Walitoka kwa wingi, wamekasirika kwa ubovu wa picha, wanatafuta wa kumshika. Aliyetangulia akaliona koja la maua.

"Ndiye huyu! Huyu mzee ndiye mwenye picha."

"Umemjuaje?"

"Si amevunja nazi hapa hapa? Nilikuwa nanunua chai."

"Si yangu," alisema Achyut. "Niachieni, ndugu zangu. Picha si yangu."

"Ulisema ni yako mbele ya kamera."

"Ulisema umeipenda," aliongeza mwingine.

"Nawaapia, si yangu, ni ya yule pale kwenye gari. Niachieni, mama yangu anaondoka."

Walicheka. Mkono mmoja ukamkamata ukosi, mwingine ukalivuta lile koja mpaka likamkaba shingo, na kitasa cha gari kikamponyoka vidoleni. Akapiga kelele akimwita mama yake, lakini kelele zao zilikuwa nyingi kuliko zake. Juu ya vichwa vyao aliliona gari la Bhambhani likikata kona kuelekea barabara ya Nashik, mama yake amekaa mbele, kioo ameshusha, anamwelekeza dereva njia.